Mungu Kwanza Siyo Kamati Kwanza

Chukua karatasi uandike wiki ya muumini mmoja mwenye bidii, asiye mchungaji wala mwinjilisti anayelipwa. Jumanne ana mazoezi ya kwaya, masaa 2 na nusu. Jumatano ibada ya katikati ya wiki, masaa 2. Alhamisi kikao cha kamati ya ujenzi, ambacho hutangazwa kuwa kifupi na huchukua masaa 2. Ijumaa mkesha, masaa 6. Jumamosi kutembelea wagonjwa na kuandaa ibada ya kesho yake, masaa 4. Jumapili ibada, na baada ya ibada "tubaki dakika tano tu wapendwa", masaa 6. Jumla masaa 22 na nusu. Ongeza saa moja ya kwenda na kurudi kwa kila siku kati ya hizo 6, unapata 28 na nusu.

Idadi hiyo peke yake siyo kosa. Wapo wanaotumia zaidi ya hapo kwenye simu. Linaloumiza ni mahali masaa hayo yalipoangukia. Siku za kazi, mtoto mdogo na mzazi wake huwa macho pamoja kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku hivi. Jioni za namna hiyo ziko 5 kwa wiki, na ratiba hii imeshachukua 4. Imebaki Jumatatu, na Jumatatu baba amechoka.

Sasa muulize mke wa mtu huyo kama ana malalamiko. Atasema hana. Mumewe angekuwa anakesha baa, angejua pa kupeleka kesi: kwa wakwe, kwa mchungaji, kwa shangazi. Lakini mkesha wa maombi utaulalamikia kwa nani? Kila akifungua mdomo anaonekana anagombea nafasi na Mungu, na hakuna mwenye akili anayegombana na Mungu hadharani. Basi hunyamaza. Huanza kuchelewa ibadani, halafu hukosa Jumapili moja moja, halafu huacha kabisa bila kutaja sababu, na watu husema amepoa kiroho. Mambo ni hayo hayo pale mama ndiye mtumishi na baba ndiye anayebaki na watoto.

Fundo lenyewe liko hapo. Tunasema "Mungu kwanza", lakini tunachokiweka kwanza ni ratiba ya kanisa, na tofauti hiyo hatuioni kwa sababu vyote viwili vinavaa nguo moja.

Amri ya kwanza haihesabu masaa. "Usiwe na miungu mingine ila mimi" inajibu swali la nani mwenye neno la mwisho. Mungu akisema hivi na mama akasema vile, nani anafuatwa? Hilo ndilo swali. Na katika amri zile zile 10, mistari michache tu chini yake, huyo mwenye neno la mwisho anasema waheshimu baba yako na mama yako. Kwa hiyo mtu anayemtunza mama yake mgonjwa siku nzima hajamwacha Mungu akaenda kwa mama. Anatii agizo. Paulo anakwenda mbali zaidi katika 1 Timotheo 5:4: watoto na wajukuu wa mjane wajifunze *kwanza* kutimiza wajibu kwa jamaa zao na kuwarudishia wazazi wao fadhila, maana hilo linampendeza Mungu. Neno "kwanza" limo humo humo. Mistari minne mbele, aya ya 8, anasema asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani. Ni maneno mazito kuliko tunavyoyasoma, kwa sababu "kuikana imani" kwa kawaida tunamwekea mtu aliyeacha kanisa, hatumwekei mtu ambaye hakosi kikao.

Yesu mwenyewe aliwahi kuamua kesi ya namna hii, na inashangaza jinsi isivyohubiriwa sana. Iko Marko 7:9–13. Mtu alikuwa na mali ambayo ingewasaidia wazazi wake uzeeni. Akiitamkia neno *Korbani*, yaani wakfu kwa Mungu, wazazi wanakosa haki ya kuidai, na walimu wa sheria walikuwa wanashikilia kwamba kiapo kimeshatoka, hakirudi. Kwa nje, nani kamweka Mungu kwanza kumzidi huyu? Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Katika kesi ya sadaka dhidi ya wazazi, alisimama na wazazi, tena akisema kwamba huko ndiko kumtii Mungu.

Upande wa pili kuna Luka 14:26, ambako asiyemchukia baba, mama, mke, watoto na ndugu hawezi kuwa mwanafunzi. Aya hii imewatesa wengi na imewapa wengine kisingizio. Ufunguo wake uko Mwanzo 29. Aya ya 30 inasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Aya ya 31, kwa Kiebrania, inamwita Lea aliyechukiwa. Mtu alimpenda mmoja zaidi, na lugha ikasema mwingine kachukiwa. Mathayo 10:37 inaliweka jambo lile lile wazi: apendaye baba au mama *kuliko mimi*. Ni suala la nani anazidi pale wawili wanapotaka vitu visivyoweza kwenda pamoja. Siku ambazo hawataki vitu viwili tofauti, na siku nyingi ndivyo zilivyo, hakuna wa kumchagua.

Ukitaka kuona mtu akiliishi hilo, mwangalie Yesu na ndugu zake. Marko 3:21 inasema jamaa zake walitoka kwenda kumkamata, wakisema amerukwa na akili. Mama yake na ndugu zake wakafika, wakasimama nje, wakatuma mtu amwite. Hakutoka. Aliwatazama walioketi wakimzunguka akasema hawa ndio mama yangu na ndugu zangu. Katika hilo hakukubali familia imwondoe kwenye kazi aliyotumwa. Lakini soma mpaka Yohana 19:26–27, pale msalabani, ambapo anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi huyo akamchukua nyumbani kwake. Kisha Matendo 1:14: mama yake na ndugu zake, wale ambao Yohana 7:5 inasema hawakumwamini, wako ghorofani wanasali na mitume. Hakuwatii walipokosea, wala hakuwakatia kamba. Wengi wetu tunalijua somo moja tu kati ya hayo mawili, na kwa kawaida ni lile linalofanana na hasira zetu.

Kwa mambo ya kila siku kuna swali moja linalosaidia kuliko mengi. Nikiliacha jambo hili wiki hii, nitakuwa nimemwasi Mungu au nimemkosesha mwenyekiti? Mazoezi ya kwaya, kikao, semina, zamu ya usafi: hapo unamkosesha mwenyekiti, na mwenyekiti ataishi. Kusema uongo kwenye fomu ili mpwa apate nafasi asiyostahili, kumficha kaka aliyeiba, kushiriki jambo ambalo dhamiri yako mbele za Mungu inakukataza: hapo ukikubali unamwasi Mungu, hata kama ni mama mzazi aliyepiga magoti kuomba. Kosa la kawaida ni kuyapindua. Mtu ni chuma mbele ya mkewe anayemwomba abaki nyumbani Alhamisi, halafu ni nta mbele ya mjomba anayemwomba risiti ya uongo.

Kuhani Eli ndiye mfano unaojulikana wa kosa hilo. 1 Samweli 2:29 inamwambia amewaheshimu wanawe kuliko Mungu. Kitu ambacho wasomaji hukiruka ni kwamba Eli aliwakemea. Aya ya 23 hadi 25 zina maneno yake, na ni maneno mazuri. Alichoshindwa kukifanya kiko 3:13, hakuwazuia. Walibaki na kazi, walibaki na uma wa kuchotea nyama ya sadaka, walibaki mlangoni pa hema. Kwa hiyo mzazi anayesema "nilishamwambia sana" bado hajajibu swali. Alichukua funguo? Alimwondoa kwenye hesabu za fedha? Aliacha kulipa deni alilojua lilitokana na nini? Samweli alilelewa ndani ya nyumba hiyo, akaona mwisho wake, na bado 1 Samweli 8:1–3 inasema alipozeeka aliwaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakala rushwa. Biblia haisemi kuwa safari zake za kila mwaka, Betheli, Gilgali na Mispa, ndizo zilizowaharibu, na tusiiongezee. Inasema tu kwamba yeye ndiye aliyewapa cheo.

Turudi kwenye ile karatasi ya wiki, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Kaeni wawili, mume na mke, watoto wakiwa wamelala, kwa dakika 45 na zisizidi saa moja. Kikao kirefu kinageuka mahakama. Kila mmoja aandike kivyake wiki ya mwenzake kama anavyoiona, halafu mbadilishane karatasi. Hii ya kuandika wiki ya mwenzako ni muhimu kuliko inavyoonekana: mtu akiandika ya kwake hupunguza, na akisoma mwenzake alivyoiandika hushtuka. Msijibizane juu ya idadi. Kisha pitieni kila kipengele cha kanisani mkitenga mafungu mawili, ibada yenyewe na kazi za ibada. Kukaa mbele za Mungu pamoja na watu wake ni fungu la kwanza, nalo haliguswi. Kupanga viti, kuhesabu sadaka, kuongoza sifa, kuandika kumbukumbu za kikao, hayo ni fungu la pili, na kila kimoja kiulizwe: yupo mwingine anayeweza?

Karibu kila mara yupo. Kutoka 18 ni sura ya kusoma kabla ya kikao hicho. Inaanza na mkwe, Yethro, akimrudishia Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, ambao walikuwa wamerudishwa kwa babu. Kesho yake tu Musa ameketi kuamua watu tangu asubuhi hata jioni. Mkwe ndiye aliyeona. Akamwambia utachoka kabisa, wewe na watu hawa, akampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, na kesi kubwa tu zipande kwake. Musa hakumjibu kwamba Mungu ndiye aliyemwita. Alifanya kama alivyoambiwa.

Katika kupunguza, watu huharibu kwa namna tatu hivi. Wa kwanza hujiuzulu vyote kwa siku moja, kwa hasira, mara nyingi akimtaja mwenzi wake kuwa sababu: "mama watoto hataki." Kanisa zima linamchukia mke kabla ya jua kuzama. Acha jukumu moja kwanza. Nendeni wawili kwa kiongozi, toa taarifa ya wiki 8 hadi 12, taja mtu unayedhani anaweza kulishika, na umfundishe ndani ya muda huo. Sentensi ya kusema ni fupi: "Nimeona sijaitunza nyumba yangu ipasavyo, naomba kukabidhi hili." Kiongozi akibisha, 1 Timotheo 3:4–5 inadai msimamizi wa kanisa awe anaisimamia vizuri nyumba yake kwanza, na ni vigumu kwa kiongozi kuipinga aya iliyoandikwa kwa ajili yake.

Wa pili hupunguza ibada badala ya kazi. Anaacha Jumapili anabaki na kamati, kwa sababu kamati ina watu wanaompigia simu na ibada haina. Huyu baada ya miezi michache hana kitu cha kuipa nyumba wala kamati.

Wa tatu hufanya kila kitu sawasawa, anapata jioni 2 mkononi, na ndani ya wiki 4 zimeliwa na simu, kazi ya ofisini iliyobebwa nyumbani, au kamati nyingine iliyosikia kuwa ana nafasi. Jioni tupu haikai tupu. Siku ile ile unapoandika utakachoacha, andika kitakachokaa mahali pake, kwa jina na kwa saa: Alhamisi, saa 12 na nusu, kazi za shule na mtoto wa pili. Na ujiandae kwamba watoto hawatakimbia kukupokea. Mtoto wa miaka 14 aliyezoea kuishi bila wewe atakujibu kwa neno moja moja kwa wiki kadhaa. Usiseme hiyo ni ishara kwamba Mungu anakutaka urudi kwenye kamati. (Kuna watu wamesema hivyo kweli.)

Ibada ya nyumbani ndiyo mahali pa kumweka Mungu kwanza na familia ikiwa ndani yake, na ndiyo inayoharibika haraka kuliko zote. Kiasi kinachodumu ni dakika 10 hadi 15, jioni 5 kwa wiki. Siku 7 ni ahadi ya watu walio kwenye semina. Wakikosa mbili wanajiona wameshindwa, wanaacha yote. Ifungeni kwenye kitu ambacho tayari kinatokea kila siku, kama mara baada ya chakula kabla vyombo havijatolewa. Ikiachwa mpaka kabla ya kulala, mdogo anasinzia na mkubwa ana hasira ya usingizi. Wimbo mmoja, beti mbili. Aya 5 hadi 8, zikisomwa kwa zamu, hata na anayesoma kwa kukwama. Swali moja, na liwe la kilichoandikwa: nani anasema na nani hapa, kwa nini aliogopa? Halafu kila mmoja anaomba sentensi moja. Anzeni na Marko. Ina sura 16, ni ya matukio, na kwa kasi hiyo inakwisha kwa miezi kama 4 hadi 6.

Inaharibika mzazi anapogeuka mhubiri. Aya 6 zinazaa mahubiri ya dakika 40, na mtoto anaanza kuhesabu dakika. Lakini uharibifu mbaya zaidi uko kwenye maombi yenyewe. Tazama mtoto wa miaka 9 amefumba macho, mikono kifuani, na baba anaomba: "Bwana, tunakuletea kijana wetu huyu, uondoe roho ya uongo iliyomfanya adanganye leo juu ya daftari." Mtoto amefungua jicho moja. Dada yake anacheka chini chini. Mzazi anadhani amemkabidhi mtoto kwa Mungu, na mtoto amejifunza kwamba Mungu ni mtu mzima mwingine anayeambiwa makosa yake, tena mbele ya watu. Kesi ya daftari ina mahali pake na saa yake, nyie wawili, bila kufumba macho. Kwenye ibada mwombee mtihani wake wa Ijumaa na rafiki yake anayeumwa. Na zamu ya mzazi ikifika, akiri kosa lake la leo kama lipo, kwa sentensi moja: "Bwana, nilimfokea mama yao asubuhi, nisamehe." Hiyo huwafundisha zaidi ya mahubiri.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kusema na watoto: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo, uondokapo. Ibada ya dakika 15 ni ile ya kuketi tu. Kwa zilizobaki mtoto anahitaji muda wa peke yake. Susanna Wesley, mama wa John na Charles, waanzilishi wa Umethodisti, alizaa watoto 19, karibu nusu yao wakafa wachanga. Katika barua kwa mumewe mwaka 1712 alieleza jinsi alivyogawa jioni za wiki kwa waliokuwa nyumbani: Alhamisi ilikuwa ya John, Jumamosi ya Charles, na kadhalika. Kwa nyumba yenye watoto watatu, dakika 20 za kila mmoja kwa wiki ni saa moja tu jumla. Simu ibaki chumba kingine. Ikikaa mezani imegeuzwa uso chini, mtoto bado anaiangalia.

Mmisionari David Livingstone huwa tunamtaja kwa sifa tu. Mwaka 1852 alimpeleka mkewe Mary na watoto Uingereza, akaendelea na safari, na hawakuonana mpaka mwishoni mwa 1856. Mary alikufa Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kujuta kwamba hakucheza na watoto wake alipokuwa nao. Sisemi asingekwenda. Nasema majuto hayo ni sehemu ya habari yake, na kuyaacha nje ni kuwadanganya vijana wanaoitwa leo.

Fedha zina mtego wake. Ahadi ya sadaka hutamkwa mbele ya watu, muziki unapigwa, jirani ameshasimama, na mtu anataja kiasi ambacho mwenzi wake anakisikia kwa mara ya kwanza akiwa amekaa pembeni yake. Mhubiri 5:4–6 inasema ukiweka nadhiri iondoe, wala usije kusema ilikuwa bahati mbaya. Kumbukumbu la Torati 23:22 inasema usipoweka nadhiri, huna dhambi. Ukiziunganisha unapata utaratibu: kubalianeni mapema, mkiwa nyumbani, kiwango ambacho mmoja anaweza kutoa bila kumuuliza mwingine. Zaidi ya hapo jibu ni "nitaleta wiki ijayo." Fungu la kumi mkilitenga, litengwe na wote wawili siku mshahara unapoingia, kabla mambo hayajabana. Kama umeshaahidi kilicho cha ada au cha dawa za mzazi, anza kwa kukiri kwa mwenzi wako, kisha mwende kwa mtunza hazina kuomba kulipa kidogo kidogo. 2 Wakorintho 8:12 inasema utoaji hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho mtu, siyo kwa asicho nacho. Kukopa ili utimize ahadi uliyoitoa kwa aibu ya watu ni kumpa Mungu usichokuwa nacho.

Kuhusu kufunga, 1 Wakorintho 7:5 ina masharti matatu kwa wanandoa wanaotaka kuacha tendo la ndoa kwa ajili ya sala: mpatane, iwe kwa muda, mrudiane. Mmoja kutangaza siku 21 na kuhamia chumba kingine hakutimizi hata la kwanza.

Nyumba ambayo mwenzi haamini inahitaji uangalifu wa namna yake. Petro anasema waume wasioliamini Neno wavutwe pasipo neno, kwa mwenendo wa wake zao (1 Petro 3:1–2). Kwa vitendo ni hivi: chagua machache usiyoyaachia, kama kutomkana Kristo na kwenda ibada ya Jumapili, na mengine yote uwe mwepesi. Kama kuna ibada mbili, nenda ile inayomvuruga kidogo. Taja saa ya kurudi na urudi saa hiyo. Kila ukichelewa, Injili ndiyo inayolaumiwa. Usimletee waombaji sebuleni bila kumwambia. Usimwombee kwa sauti ili asikie. Monika, mama wa Augustino yule mwalimu mkubwa wa kanisa la kale, alimwombea mwanawe huyo kwa miaka mingi, na mwana huyo alipobatizwa mwaka 387, Patricius, mume wa Monika, alikuwa ameshakufa, akiwa amempokea Kristo mwishoni mwa maisha yake. Kwa maelezo ya Augustino mwenyewe, baba yake alivutwa na tabia za mkewe zaidi ya maneno. Ila mahali penye kipigo haya hayahusiki. Hapo toka kwanza, wewe na watoto, mkae salama. Mashauri haya ni ya nyumba ambazo watu hulala bila hofu.

Na pale familia inapokuomba kweli kweli ukosee, kataa tendo ubaki na mtu. Mwambie ana kwa ana, siyo kwa ujumbe wa simu, na usitoe sababu 10. Sababu nyingi hukaribisha mjadala. "Shangazi, hilo siwezi kulifanya mbele za Mungu. Lakini nipo." Halafu thibitisha hiyo "nipo" ndani ya siku mbili tatu kwa kitu halali: mpeleke hospitali, mtafutie njia ya kweli ya kupata alichokuwa anakitafuta kwa njia ya mkato, mpigie simu ya kumjulia hali bila kugusa lile jambo. Wengi husema "nipo" kisha hujificha kwa aibu miezi sita, na ndugu hubaki akijua kwamba Mungu wako ndiye aliyewatenganisha.

Zitakuwepo siku ambazo wito wa huduma ni wa kweli na nyumba lazima isubiri. Mgonjwa mahututi anaita saa 8 usiku, au kijana amesimama mahali pabaya anataka kujiua na anataka kusema na wewe. Hapo huulizi zamu ni ya nani. Nyumba iliyopewa jioni zake zote za kawaida huielewa simu ya namna hiyo bila kuelezwa. Mume anavaa viatu gizani, na mke, ambaye zamani angegeukia ukutani, ndiye anayemtafutia funguo.